Ombi la Kuuziwa Bunduki Pamoja na Sabuni

Projestus Kahigi,
Kanazi,
Bukoba Vijijini.

Kwa Meneja,
Supamaketi ya Punguzo Kila Siku,
Bukoba Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA DUKA DOGO LA SILAHA, NA OMBI KWA DUKA KUBWA

Kichwa hapo juu kimeshasema mengi, lakini mimi si mtu wa kuacha kichwa kiseme peke yake. Natumaini u mzima wewe na wafanyakazi wako, hasa yule binti wa kaunta namba mbili, ambaye nitamtaja kwa mema huko mbele.

Kwanza umjue anayekuandikia. Nimesoma mpaka kidato cha pili, na ningeendelea kama walimu wangekuwa bado na kitu cha kunifundisha. Nina kibanja cha migomba na kahawa ambacho mtu wa kawaida akikizunguka anapumzika mara mbili. Kule Rubafu, ziwani, nilimpiga kiboko kofi, na mpaka leo viboko wa upande ule wakisikia "Projestus" wanarudi majini. Kule Kaagya niliua nyoka wawili kwa jiwe moja: wa kwanza lilimpata, wa pili alikufa kwa kuona. Sisemi haya kujisifu. Nasema ili uelewe kwamba mtu kama mimi akifika mahali pa kuomba bunduki, basi mambo yameharibika kweli.

Yameharibika hivi. Tangu mvua zianze, mikungu ya ndizi inaondoka kibanjani kwangu. Sisemi inaliwa. Inaondoka. Leo mmoja, baada ya siku tatu mwingine, na siku zote ule niliokuwa nimeuwekea macho. Nikajua ni ngedere, kwa sababu jirani yeyote mwenye akili hawezi kumwibia Projestus. Nikaamua kununua bunduki, nikaenda kwa Mzee Rugambwa, mwenye kile kiduka cha silaha chenye nondo dirishani, ambacho unakijua maana mnalipa kodi mji mmoja.

Wiki hiyo hiyo mpwa wangu Evarist, anayeishi Amerika, akanitumia picha kwenye simu. Duka kubwa kama uwanja wa mpira! Mikate huku, baiskeli kule, nepi za watoto, na karibu na nepi bunduki zimepangwa kama mafagio, chini yake karatasi ya njano ya punguzo. Akaandika, "Mjomba, huku kwenye duka kubwa unachukua kikapu tu." Nilimwonyesha mke wangu Joviana picha ile mara saba. Alikuwa anamenya ndizi.

Sasa sikiliza malalamiko yangu.

1. MASWALI. Mzee Rugambwa ana benchi. Duka gani la kisasa lina benchi? Ukiingia anasema, "Nyegera waitu, karibu ukae," na ukishakaa umekwisha. Ataanza na marehemu baba yako, aje kwa kahawa, aulize goti lako la kushoto linaendeleaje. Nilikaa pale saa nzima na nusu bila kuona hata risasi moja. Ndipo akauliza:

"Bunduki ya nini, Projestus?"

Nikamwambia ya ngedere.

"Wanakula nini?"

Nikasema hawali, wanakata mkungu mzima na kuondoka nao.

"Wanakata kwa kitu gani?"

Nikasema kwa panga, alama nimeiona mwenyewe, pamekatwa safi, na jani limetandikwa chini ili mkungu usichubuke. Ndugu Meneja, yule mzee alinitazama kama daktari anayetaka kukuambia urudi kesho na mtu wa familia. Akasema, "Tata, nenda nyumbani ukazungumze na mkeo. Mimi leo siuzi." Hauzi! Na nje ameandika DUKA!

Kwenu nilikuja Jumatano. Sikuona bunduki, nikasema pengine hazijafika, nikachukua sumu ya panya pakiti kumi na mbili, kamba mita thelathini na shoka. Binti wa kaunta namba mbili hakuinua hata macho. Aliniuliza neno moja tu: "Mfuko?" Hiyo ndiyo huduma. Angekuwa Mzee Rugambwa angeshaniitia padri.

2. KIKAO. Ili upate kibali ni lazima kijiji kiseme wewe ni mtu wa namna gani. Mimi, ambaye kijiji kinajulikana kwa sababu yangu! Wakaitisha kikao. Jirani yangu Kahangwa, ambaye nimepakana naye kwa mpaka wa miti ya milamula iliyopandwa na babu zetu, akasimama akasema, "Mwenyekiti, mimi sipingi. Ila tuanze na manati. Tumpe miezi sita tumwangalie." Watu wakacheka mpaka mwandishi wa muhtasari akakosea tarehe. Halafu mama mmoja, Elieth, akauliza kwa sauti ya kanisani, "Na akimkosa huyo ngedere, risasi inaishia kwa nani?" Nikamjibu kwamba mimi tangu nizaliwe sijakosa kitu nilichokilenga. Akasema hicho ndicho kinachomtisha.

Duka kubwa haliitishi kikao. Hamjui mimi ni nani wala hamtaki kujua, na hiyo naiita heshima.

3. BEI. Kwa Mzee Rugambwa hakuna punguzo la Pasaka, hakuna nunua moja upate ya pili, hakuna hata kalenda. Nilimwomba kalenda, akanipa ushauri.

4. NGEDERE WENYEWE. Hapa naomba ukae chini, maana serikali haijaambiwa.

Ngedere hawa si wale tuliowazoea. Wanachukua ndizi za kupika peke yake, za pombe hawazigusi, kwa hiyo nadhani wameokoka. Joviana akiwa kibanjani hawamwogopi hata kidogo, kuna siku nilisikia kabisa kama mazungumzo huko. Lakini mimi nikikohoa tu, majani yanacheza na kimya kinaingia. Wanavaa ndala. Nimepima nyayo kwa kiganja changu, ni ngedere wa mguu mdogo, na ndala ya kulia imekatika kisigino.

Alhamisi iliyopita, siku moja tu baada ya kutoka kwenu, saa nne asubuhi, nilimwona mmoja kwa macho yangu haya. Nilimwona mgongo, ameinama katikati ya migomba. Mgongo ulikuwa wa kijani wenye maua ya njano. Maua, Ndugu Meneja! Ngedere wa Kanazi hawana maua, nikajua huyu ametoka mbali. Sikuwa na silaha kwa sababu ya Mzee Rugambwa, nikainama nikaokota jiwe. Likampata begani. Akalia, "Maawe!" kama mtu kabisa, akapotea kwenye majani.

Nilisimama pale nikatafakari kama msomi. Ikiwa wamekwishajua Kihaya, mwakani watajiandikisha kupiga kura. Wakishapiga kura watakaa kwenye kikao cha kijiji, na watakaponijadili mimi na bunduki yangu, Kahangwa hatakosa wa kumuunga mkono. Ndiyo maana jambo hili ni la haraka.

Nilipomweleza Joviana, kisu kilimdondoka. "Umepiga nini?" Nikamwambia nimempiga ngedere, na kama kawaida sikukosa. Akatoka bila kunawa mikono, akarudi mchana, hakunipakulia chakula. Wanawake wana huruma sana na wanyama.

5. MAPENDEKEZO. Kwa hiyo naomba duka lako lifungue sehemu ya bunduki, na kwa kuwa ninyi ni wageni katika biashara hii, nakushauri bure. Zisiwekwe mbali na sabuni, kwa sababu mtu akitumwa sabuni anaona na bunduki, anakumbuka jirani yake, anachukua vyote kwa safari moja. Risasi ziuzwe kwa kilo kama misumari. Pawepo na chumba cha kujaribia, kama kile cha suruali, ila kiwe na ukuta imara. Sikukuu mfunge zawadi: bunduki moja, kanga doti moja na kopo la maziwa, ili mzee akinunua cha kwake na mama wa nyumbani asinune. Mwenye kununua tatu apewe ya nne ya mtoto. Mkishafika hapo fungueni tawi Muleba, maana nasikia kule nako mikungu inapotea, na ngedere wa Muleba lazima watakuwa ndio walimu wa hawa wa kwetu.

Mkikosa mtu wa kusimamia sehemu hiyo, mimi nipo. Sitauliza mtu swali lolote. Nitaweka benchi nje, ligeuzwe miguu juu, iwe onyo kwa wafanyabiashara wadogo.

Nimalizie kwa kukutakia kazi njema na mauzo yasiyo na maelezo. Nisalimie binti wa kaunta namba mbili, mlinzi wa mlangoni aliyenipekua nikitoka badala ya nikiingia, jambo ambalo pia nimelipenda, na wote wanaopanga vitu kwenye rafu. Hapa Kanazi sote hatujambo, isipokuwa Joviana ambaye tangu Alhamisi hasemi sana.

Wako katika maendeleo ya mkoa,

Projestus Kahigi
(Mkulima, mzazi, na shahidi wa mambo mengi)

Nakala: Mzee Rugambwa, aisome akiwa amekaa kwenye benchi lake.

NYONGEZA, Jumatatu, bahasha haijabandikwa bado.

Ndugu Meneja, kabla hujapanga rafu, soma hapa.

Jana tulipotoka misa Joviana alinikalisha. Ngedere ni mama mkwe wangu, Mae Kokushubila wa Muleba. Migomba yake yote iliingiwa na mnyauko mwaka huu, ikang'olewa, na amehamia kwa mwanawe wa kiume hapa hapa Kanazi, ng'ambo ya kijito. Kile kijani chenye maua ni kitenge chake.

Wewe umetoka mbali, labda hujui. Kwetu mama mkwe wa kizamani hakutani ana kwa ana na mume wa binti yake. Siku hizi wengi wameacha, wanapiga picha pamoja kwenye harusi wameshikana mabega, lakini Mae hajaacha. Akinisikia nakohoa anaingia kwenye majani mpaka nipite. Miezi yote hii alikuwa ananiheshimu.

Wala hakuiba. Mwaka jana, kwenye harusi ya binti yetu Annastella, nilishika kipaza sauti mbele ya watu mia tatu nikatangaza kwamba mama mkwe wangu asilale njaa mimi nikiwa hai, kibanja changu ni chake, aje akate mkungu siku yoyote anayotaka, asibishe hodi. Watu walipiga vigelegele. Yeye alikuwa amekaa ndani na wanawake wenzake, akanisikia. Mimi nilidhani ile ni hotuba.

Nilimuuliza Joviana kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Nikuambie saa ngapi? Ulikuwa unaongea."

Bega limevimba. Zahanati wamesema mfupa ni mzima, lakini panga hataweza kushika kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mimi ndiye ninayekata sasa na Joviana anapeleka. Jana jioni nilivuka kijito kwenda kuomba msamaha. Kwa kuwa hatuonani, nilisimama nje nikaongea na ukuta. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka mawili: "Mae, nisamehe." Kisha nikamsikia akimwambia mwanawe, "Mwambie huyo mkwe wangu aende nyumbani, umande huo utamuumiza goti."

Sasa basi, ombi langu lote nalifuta, pamoja na ile nafasi ya kazi. Nakala ya Mzee Rugambwa nitaipeleka mwenyewe na nitakaa pale mpaka atakapochoka kuniuliza. Mwenzangu, Jumatano ile nilikuwa dukani kwenu na kikapu mkononi. Bunduki ingekuwepo kwenye rafu ningeichukua, na Alhamisi saa nne asubuhi nisingeinama kuokota jiwe.

P. K.