Biri Tano na Kiti Changu cha Kuonja Kahawa

Kwa Mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa kahawa, ambaye pia ni baba yangu mdogo, Mzee Raimundi,

Shikamoo. Shikamoo hiyo ni ya ubaba. Malalamiko yanayofuata ni ya uenyekiti, na naomba usiyachanganye.

Mimi Pankras, mwonjaji wa kahawa wa chama kwa miaka kumi na moja, nalalamikia barua yako ya Jumatano iliyoniondoa mezani "hadi ulimi utakapopona". Ulimi wangu hauumwi. Jumatatu sampuli za kwanza za msimu zinaonjwa, na sijawahi kuikosa meza hiyo tangu nilipokabidhiwa kijiko. Kwa hiyo naeleza:

1. Yule mgeni mnunuzi, baada ya kuonja kahawa yetu na kujaza daftari lake alama, alinizawadia biri, ile sigara nene ya majani matupu yaliyoviringishwa. Akasema ni nyepesi kuelekea wastani. Sisi waonjaji hatuchukui sifa kutoka kwa mwenye mali, tunapima wenyewe. Na kwa kuwa sampuli moja ya kahawa hupimwa kwa vikombe vitano, nilimwomba aongeze biri nne, naye akaongeza. Huo si ulevi, ni utaratibu.

2. Imeandikwa kwamba nilianguka ghalani. Sikuanguka, nilikaa juu ya magunia bila kupanga. Kahawa tunaivuta kutoka kwenye kijiko kwa kishindo ienee hadi nyuma ya koo, na biri ya kwanza niliivuta vivyo hivyo, kama nilivyofundishwa. Mgeni alipokuja kunieleza kwamba moshi wake huzungushwa mdomoni tu na kutolewa, mimi tayari nilikuwa nawaona watunza ghala wawili, na chama kinaye mmoja tu, Ignatio.

Nne zilizobaki nimezipima kwa utulivu, moja kila siku, na ya mwisho ni ya leo. Theluthi ya kwanza ya biri: nyasi zilizolazwa kwenye ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani, siku ya tatu, juu kavu, chini bado mbichi. Ya pili: karanga za kukaanga na ubao uliotoka kurandwa. Ya mwisho: pilipili manga, na ngozi ya viatu vya kwendea Misa. Uzito mdomoni ni wa wastani, majivu meupe, yanashikamana vizuri. Nimeipa alama sabini na tisa. Neno "nyepesi" nimelikataa.

3. Mwonjaji mwenzangu Vitalia anadai kwamba Jumanne, tulipoonja mabaki ya msimu uliopita, kila kikombe nilikiandikia "karanga na ngozi". Niliandika nilichokikuta. Anadai pia kwamba moshi umeniharibu. Mama mkwe wangu kule Liuli amebanika samaki miaka arobaini, moshi ndio hewa yake, na bado anaijua mboga iliyokosa chumvi akiwa mlangoni. Hajawahi kusimamishwa na mtu.

4. Hapa ndipo panaponiuma, na nasema wazi. Tangu enzi za babu wageni wanakuja, wanaonja jasho letu, wanalitema kwenye ndoo, wanaandika. Wenzetu wa Namtumbo wanalima tumbaku na biri hawajaiona. Amepatikana mtu mmoja wa hapa kwetu Mkumbi aliyekipa alama kitu cha wageni, kwa haki, bila kutema, na huyo ndiye aliyeondolewa. Nililia kidogo, Baba.

5. Naomba basi nirudishiwe kiti kabla ya Jumatatu. Naomba chama kiunde idara ya biri, na mimi niwe mkuu wake. Kila mnunuzi atakayekuja alete kwanza bidhaa ya kwao, iwe jibini au viatu, tuipime mbele yake huku amesimama. Ikipata chini ya themanini, arudi nayo kwao, na tumwambie kwa upole ajitahidi msimu ujao, kama tunavyoambiwa sisi.

Nakutakia afya na uamuzi wa haraka. Msalimie Mama Mdogo Aurelia, wanajumuiya wote, kwaya bila kusahau sauti ya nne, na Ignatio, mwambie pole kwa kunibeba.

Mimi mwanao na mwanachama mwenzako,
Pankras

Baada ya sahihi: Vitalia ndiye anayekuletea barua hii. Alipokuja kuichukua alinikuta namalizia biri ya tano, akaniwekea vikombe vitatu vya kahawa bila majina, mke wangu Ottilia akiwa shahidi. Cha kwanza nilikisifu kwa utamu wa asali. Ni kahawa iliyolowa mvua mwaka jana, ile tuliyoikataa wote. Cha pili nilikisifu zaidi, na Ottilia anasema ni mahindi aliyoyaunguza asubuhi. Cha tatu nilikipa alama za chini kabisa, na pembeni nikaandika kwa mkono wangu kwamba mkulima huyu ashauriwe kung'oa mibuni yake. Kilikuwa cha shamba langu. Jumatatu akae Vitalia.