Magodoro Yetu Hayajaguswa

Umma unatangaziwa kwa furaha kwamba tatizo la wafungwa wa dawa za kulevya kurudia makosa limekwisha. Limekwisha kwa azimio, kwenye kikao halali, akidi ikiwa imetimia na chai ipo. Nayasema haya nikiwa Katibu Msaidizi wa Kamati ya Kupima Watakaorudia, kijana pekee katika kamati hiyo na, bila kujisifu, mtu pekee anayejua kuwasha projekta.

Kamati yetu ina Nyumba ya Tiba. Ina kuta nyeupe, mabomba yanayotoa maji kweli, muuguzi mmoja anayefuma vitambaa kwa kukosa wa kumhudumia, na vitanda vyenye magodoro ambayo bado yamo ndani ya nailoni yake. Wenye wivu husema nyumba ile ni tupu. Si tupu. Ni safi.

Usafi huo umeletwa na Kipimo alichokibuni Mwenyekiti wetu mwenyewe. Unamuuliza mfungwa maswali, unajumlisha alama, basi. Mwenye alama chache ana hatari ndogo: hahitaji tiba, arudi nyumbani. Mwenye alama nyingi ana hatari kubwa: hastahili tiba, arudi gerezani. Unaona uzuri wake? Hakuna anayebaki katikati kutuchafulia mashuka. Kuna pia vikanuni viwili vya nyongeza: ndugu wa karibu lazima aulizwe, na anayepinga matokeo anaongezewa alama, kwa kuwa ubishi ni dalili.

Siku Waziri alipotutembelea, na wapiga picha nyuma yake, tulimwandalia mfungwa wa maonyesho. Kijana mmoja, wanamwita Betri, kwa sababu anaweza kuzima katikati ya sentensi. Alikuwa fundi pikipiki kabla unga haujamfundisha kuuza spana za watu. Alikuja na askari magereza upande mmoja na mama yake upande mwingine, fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Suruali ya Betri ilikuwa imepunguzwa kiunoni mara nyingi hadi mifuko ya nyuma ilikuwa inasalimiana.

"Una tatizo la dawa za kulevya?" Mwenyekiti akauliza.

"Ninalo, mzee. Limenichosha. Naomba kitanda kimoja tu pale kwenu."

"Amekubali haraka mno," Mwenyekiti akatuambia. "Huo ni ujanja. Ongeza alama."

Betri akafikiri. "Basi sina tatizo."

"Anakataa. Hayuko tayari. Ongeza."

Betri akazima kidogo, akawaka tena. "Sasa mzee, mimi niseme nini?"

Hapo niliongeza bila kuambiwa. Mimi ni mtu wa kujituma.

Mama yake aliinuka. "Baba, huko gerezani mnakotaka kumrudisha, unga unapatikana kuliko sabuni. Nilimpokea mara ya kwanza nikampunguzia suruali. Mara ya pili nikaipunguza tena. Akirudi huko sasa hivi sitakuwa na cha kupunguza. Nitashona sanda."

"Mama," Mwenyekiti akasema kwa upole wa kwenye kamera, "tumepokea maoni yako. Hatari kubwa. Arudi ndani."

Ningekuwa mwepesi wa machozi ningelia kwa jinsi mambo yalivyokwenda vizuri. Lakini Waziri, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, akaivaa miwani yake.

"Mwenyekiti, hiki Kipimo hakiwezi kukosea?"

"Mheshimiwa, hakikosei! Hakijali cheo, hakijali sura. Hata mimi nikikaa kwenye kiti kile, kitasema kweli tupu."

"Haya, kaa."

Mwenyekiti akacheka. Waziri hakucheka. Betri, kijana mwenye adabu zake, akainuka, akakifuta kiti kwa kiganja, akasema, "Karibu, mzee."

Jukumu la kuuliza likaniangukia mimi. Nilikohoa kikubwa.

"Kuna kitu unachotumia ambacho huwezi kukaa bila hicho?"

"Hakuna kabisa," Mwenyekiti akajibu. Na mkono wake ukafanya kile unachofanya kila kikao kikichelewa kuisha: ukaingia mfuko wa koti. Mfuko ukalia kachakacha.

"Nini hicho?" Waziri akauliza.

"Vidonge tu, Mheshimiwa. Vya kutuliza mawazo. Nimeandikiwa na daktari."

"Yupi?"

"Alishastaafu."

"Anakataa," nikasema. Sikuwa na la kufanya, kanuni ni kanuni. "Naongeza. Sasa ndugu wa karibu aulizwe."

Nikampigia mkewe, nikaweka simu kwenye spika.

"Kamati? Amefanya nini tena?" sauti ikatoka.

"Hakuna neno, mama. Tunapima tu matumizi yake ya vidonge."

"Hatimaye! Akivikosa, nyumba hii haikaliki. Amemfukuza mdogo wangu kwa kosa la kupiga chafya. Dereva naye anazungushwa maduka ya dawa yasiyojuana, leo hili, kesho lile, wasije wakamzoea. Mnamchukua? Nimpangie nguo?"

"Mke wangu anapenda utani," Mwenyekiti akasema.

"Sina utani na wewe!" simu ikajibu.

"Napinga hili zoezi!"

"Ongeza," nikajiambia, nikaongeza.

"Katibu, nimesema napinga!"

"Nimesikia, mzee. Ndiyo maana naongeza."

Kwa alama, Mwenyekiti alimfikia Betri, akampita, akaendelea. Ikabidi nigeuze karatasi nyuma.

Waziri akauliza taratibu, "Kwa utaratibu wenu, mwenye hatari kubwa hupelekwa wapi?"

Askari magereza, mtu mtiifu kwa kanuni, alitoa pingu akaanza kuzifuta kwa leso.

Ndipo Mwenyekiti akatoa hotuba bora ya maisha yake.

"Jamani, tuwe na utu! Mwenye hatari kubwa ndiye hasa anayehitaji tiba! Ukimfungia tu, atatoka vilevile, pengine vibaya zaidi. Atarudia, mtamfunga, atarudia tena. Hiyo ni akili? Mtu wa namna hii apewe kitanda. Tena leo!"

Tulipiga makofi. Wajumbe wawili walisimama.

"Mmemsikia mzee," mama wa Betri akasema, makofi hayajaisha. "Leo. Na mwanangu ana alama pungufu kuliko yeye, kwa hiyo hata kitanda cha pembeni kinatosha."

Waziri akauliza nani anapinga. Mwenyekiti alifungua mdomo, akanitazama nilivyoshika kalamu, akaufunga. Azimio likapita.

Hivyo ndivyo magodoro yetu mawili ya kwanza yalivyoguswa. Betri alichana nailoni ya lake kabla hajavua viatu. Arosto, ile homa ya kukosa unga, ilimtetemesha, akatapika, akamwita mama yake na muuguzi kwa jina moja, na muuguzi akaweka vitambaa chini akafanya kazi aliyoisomea. Kisha kijana akaanza kula. Juzi mama yake alimzungushia futi kiunoni, akaisoma, akaisoma tena, akamtaka avue suruali pale pale aifumue mishono.

"Mama, kuna watu!"

"Watu gani, hawa? Vua."

Nilikuwepo kwa kazi rasmi, maana sasa mimi ndiye Kaimu Mwenyekiti. Nilikuja kupima nani yuko tayari kutoka. Betri alipita. Nikahamia kitanda cha pili. Mzee amekataa kuondoa nailoni, anasema hakai. Kila akijigeuza, jengo zima linajua.

"Una tatizo la vidonge?" nikamuuliza.

"Sina tatizo lolote!"

"Anakataa."

"Basi ninalo! Ninalo kabisa, hata sasa hivi!"

Kanuni inataka aulizwe aliye karibu naye, na aliye karibu naye alikuwa Betri, amejifunga shuka, anasubiri suruali.

"Amekubali haraka mno," Betri akasema, akainama kumfunika miguu. "Usinichukie, mzee. Mwanzo ndio mgumu. Lakini jana ulimrushia muuguzi kijiko, na kila asubuhi nakuona unapapasa chini ya godoro. Kaa kidogo. Watu hapa ni wazuri, siku hizi wanafanya kazi."

Mzee akainuka kwa kishindo cha nailoni. "Hii Kamati haina akili! Nani aliandika kanuni hizi? Nakata rufaa!"

Nikafungua kalamu.