Bwawa la Perege Juu ya Nyumba ya Honorata

Jumatatu, 3 Machi 1997. Kalinzi.
Fitina! Jirani yangu Pastory amekwenda kunishtaki kwa watu wa maji, Kigoma mjini. Eti tuta la bwawa langu likipasuka litamzoa mjane Honorata kule bondeni, pamoja na Yunisi, mkimbizi wa Burundi anayeishi hapo na mapacha wake wachanga. Wivu mtupu. Perege wangu wamenona, na kambini kwa wakimbizi wanagombaniwa. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Akikuta watu chini, bwawa linafungwa. Basi asikute watu.

Jumatano, 5 Machi.
Mvua tangu alfajiri. Maji yamefika ukingoni. Mfereji wa kupunguzia maji niliuziba kwa fito na nyasi, maana perege walikuwa wanatoroka. Siuzibui ng'o! Nimemwalika Honorata na wageni wake chakula cha mchana kesho. Akauliza kwangu kuna msiba gani. Mtu hawezi kuwa mkarimu hapa?

Alhamisi, 6 Machi.
Jogoo wangu wa pekee, kwisha. Wakati wanamla nyumbani kwangu, mkaguzi akafika bwawani. Bibi Sia, mtu wa Moshi, macho makali. Akauliza nani analala ile nyumba ya bondeni. Nikasema ni stoo ya mahindi. Mbona paa linafuka moshi? Tunayakausha. Na nepi kwenye kamba? Za kutishia ndege. Akanitazama sana. Akaniamuru nizibue mfereji hapo hapo. Nikaenda kutafuta jembe, pole pole. Nikasikia mngurumo. Nikageuka: tuta, maji, perege, vyote vinateremka. Nyumba ya Honorata haipo! Nikakaa kwenye tope.

Jumapili, 9 Machi.
Kanisani wamenishukuru. Eti Mungu alinionyesha, ndiyo maana nikawaita chakula. Yunisi akanishika mikono, analia kwa Kirundi, Imana ishimwe, Imana ishimwe, yaani Mungu asifiwe. Nikaitikia. Ningefanyaje? Honorata hakulia. Alisema jogoo alikuwa mgumu, na kwamba wanahamia kwangu. Wamehamia! Mapacha wamechukua kitanda. Mimi jikoni.

Jumatano, 19 Machi.
Nimeanza bwawa jipya. Udongo mzuri uko mbali, kwa hiyo tuta nalijazia migomba. Fito za kuzibia mfereji tayari nimekata. Nafasi iliyobaki ni moja tu, juu ya nyumba yangu. Pastory ameshaona, ameshapanda baiskeli kwenda mjini. Aende! Bibi Sia akiuliza nani analala pale chini, nitamwambia ni stoo. Nimeshamwomba Yunisi nepi aanikie ndani.