Prosesa Saba Zilizolala

Jumatatu, 3 Juni

Kompyuta ya kuhariri filamu zangu imefika! Nimeinunua kwa Dufie, jirani yangu wa duka hapa Adum. Mtumba wa Ulaya, lakini ina prosesa nane, bongo nane za kufanyia kazi. Nane! Dufie mwenyewe hajui alichouza. Mpango wangu: nimeingia kwenye mipangilio ya kuwashia, nikauamuru mfumo endeshi utumie moja tu. Saba zipumzike. Mwakani nitaitangaza inauzwa: prosesa saba mpya, hazijaguswa. Kazi ikizidi, mfumo utaziita, kama kocha anavyoita wachezaji wa akiba.

Nana Boaten, mkuu wa ukoo, amepita. Dada yake anazikwa Jumamosi. Filamu ya mazishi anaitaka Jumapili baada ya ibada ya shukrani, watu wakiwa bado na nguo zao nyeupe. Nikichelewa, misiba yote ya ukoo inakwenda kwa Dufie, ambaye naye kanunua kamera. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Jumatano, 5 Juni

Majaribio. Filamu ya kumpa mtoto jina, dakika kumi tu. Nimekula wali wa waakye, nimesinzia, nimeenda kunyolewa: kompyuta bado inaiandaa, imefika asilimia kumi na moja. Zile saba hazikuja kusaidia. Basi hazipo! Dufie kaniuzia sanduku tupu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimebeba kompyuta hadi kwake. Nana Boaten nimemleta awe shahidi. Nimesema mengi. Tapeli nimesema mara tatu, wapita njia wakasimama. Dufie akaiweka mezani. Akaiwasha, akafungua dirisha linaloonyesha kazi ya kila prosesa. Mchoro mmoja tu! Nikacheka kwa sauti. Kisha akafungua mipangilio.

“Kaka Asamani, mashine ina nane. Mfumo unatumia moja kwa sababu kuna mtu kauagiza hivyo. Ni nani huyo?”

Nikasema ni virusi.

“Virusi hivyo vina ndevu kama zako,” akasema.

Nana hakucheka. “Asamani, Jumapili sikai mbele ya wakwe zangu nikitazama ukuta.”

Dufie akaondoa alama moja, akawasha upya. Michoro minane ikaanza kurukaruka. Aibu nimeiona, sikatai. Lakini nani aliyedai mashine ichunguzwe? Mimi. Kwa hiyo ugunduzi ni wangu.

Jumapili, 9 Juni

Ushindi! Filamu ilikuwa tayari kabla ya ibada. Watu wamelia, wakaomba irudiwe. Nana kanishika mkono, kisha kanipa harusi ya mpwa wake: Jumamosi ijayo, filamu ionyeshwe siku hiyohiyo. Nimekubali papo hapo. Dufie kanipongeza, ila wivu nimeuona machoni.

Nimerudi dukani, nimeigusa kompyuta. Ya moto! Zote nane zimechapa kazi, maskini. Nimezilaza saba tena. Ile moja imeshazoea. Na safari hii mipangilio nimeifunga kwa nywila, Dufie asije akaziamsha. Sijaiandika popote. Nitaikumbuka.