Madumu Mawili ya Oili na Fatiha Moja

Mdahoma alikuwa na sikio. Wengine Mwenyezi Mungu huwapa mashamba, wengine huwapa subira. Mdahoma alipewa sikio la kusikia pikipiki ikipita nyuma ya nyumba tatu, akajua ina umri gani, imetiwa oili gani, na mwenyewe ni mjinga wa kiwango gani. Hilo la mwisho ndilo lililomlisha.

Asubuhi moja ya mwaka 2000, kisiwa cha Ndzuani kikiwa kimejitenga, nasi wa Moroni tukiwa tumekifungia kila kitu, kuanzia simu hadi sabuni, Mdahoma alikuwa kwenye bandari ya zamani akinywa kahawa ya mtu mwingine. Mtu huyo aliitwa Mouhssine, mwenye boti ya injini kutoka Mirontsy, kulekule Ndzuani, ambaye vikwazo vilimkataza kusafiri na ndiyo maana alisafiri mara mbili kwa wiki.

"Petroli tunapitisha," Mouhssine alilalamika. "Lakini oili ya injini hakuna. Watu wanatia mafuta ya nazi! Wengine wanachukua oili chafu wanaizimua na mafuta ya taa. Mji mzima wa Mutsamudu unagonga. Pikipiki ikipita, unadhani mtu anaburuta sufuria."

"Zinagonga juu au chini?"

"Juu. Ta-ta-ta-ta."

Mdahoma akaweka kikombe chini. Kugonga juu ni vali zinazolia kwa sababu oili ni nyepesi mno. Mwaga uchafu huo, suuza, tia lita moja ya oili nzito inayostahili, na injini inanyamaza kama mkwe. Mfanyabiashara wa kawaida angeona hapo nafasi ya kuuza oili. Mdahoma hakuwa mtu wa kufanya biashara halali ilhali ipo njia nyingine. Kwa nini auze dawa, wakati angeweza kuwathibitishia watu kwamba mgonjwa amekwisha kufa, akaibeba maiti kwa gunia la mchele, akaifufua na kuiuza Moroni?

Na haraka alikuwa nayo. Mjomba wake Elamine alikuwa amemposea Nouria wa mtaa wa Badjanani awe mkewe, miaka kumi na moja iliyopita, na kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: anda, yaani ndoa kuu, ile ambayo mwanamume wa kisiwa chetu cha Ngazidja huchinja ng'ombe, hulisha mji, humvisha mke dhahabu, na akimaliza anakuwa mtu mzima wa kusikilizwa uwanjani, mwenye heshima tele na mfuko mtupu. Mdahoma alikuwa na miaka arobaini na bado anakaa baraza moja na vijana wanaobalehe. Aliona ni afadhali. Mpango wake ulikuwa Marseille, na Marseille ilihitaji tiketi, na tiketi ilihitaji pikipiki zipatazo saba. Angeikosa safari hiyo, mjomba angempata.

Basi akapata madumu mawili ya oili safi kutoka kwa fundi wa meli, akabadilishana naye kwa saa ya mkononi ambayo haikuwa yake na wala haikuwa ikitembea. Kisha akafungua sanduku la mjomba Elamine na kuazima mharuma, kile kitambaa cha begani wanachovaa waliokwisha kufanya anda tu. Kuazima bila kuuliza kuna jina lake, lakini tusimharakishe.

Boti ya Mouhssine ikamvusha, na Mutsamudu ikampokea vizuri. Watoto vichochoroni walimpa "Kwezi", salamu ya mdogo kwa mkubwa wake, naye akaitikia taratibu, kwa sauti ya mtu aliyelisha mji. Vijana wenye bunduki pale bandarini, waliokuwa wakitafuta majasusi wa Moroni hata ndani ya magunia ya vitunguu, waliutazama mharuma wakampisha.

"Nimewaacha wale wa Moroni," aliwaambia wazee baada ya sala ya adhuhuri. "Moyo wangu uko na nyinyi. Nami nina elimu kidogo ya injini."

Jioni hiyohiyo akaletewa mgonjwa wa kwanza. Mdahoma akatoa bisibisi ndefu, akaegemeza ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Ta-ta-ta-ta. Akafumbua macho, akaiondoa bisibisi polepole, akamshika mwenye pikipiki bega.

"Ulikuwa nayo miaka mingapi?"

"Sita."

"Miaka sita si haba. Shukuru."

"Haiponi?"

"Kijana wangu, moyo umepasuka. Ukiendelea kuiwasha itakurukia usoni. Lakini mimi sikuachi na mzigo. Nitaichukua kama chuma chakavu, nikupe gunia la mchele, uwape watoto."

Huyo mwenye pikipiki alilia kidogo, akala wali usiku, na kesho yake akamletea binamu yake. Kufikia Jumatano, kwenye ua aliopanga Mdahoma nyuma ya ghala la karafuu, kulikuwa na maiti sita. Kila asubuhi alifunga lango, akamwaga mafuta ya nazi yaliyoganda, akasuuza, akatia lita moja moja. Aliziwasha dakika mbili tu, kwa furaha ya kuzisikia. Zilinguruma kwa upole mpaka akajisikia kama ametenda wema.

Ya saba ilikuwa ya Zoubeida.

Zoubeida alikuwa mkunga. Pikipiki yake nyekundu ndiyo iliyompandisha hadi vijiji vya mlimani vya Koki na Bazimini, kila wanawake wa huko walipoanza kuumwa uchungu, kwa kuwa gari la hospitali lilikuwa limelala juu ya mawe tangu vikwazo vianze. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimtazama Mdahoma akisikiliza kwa bisibisi kama fundi anavyomtazama fundi.

"Pole, dada," Mdahoma akasema. "Ilikuwa pikipiki nzuri."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa."

"Ajabu. Imenileta hapa."

"Ndivyo zinavyoaga. Hujikaza mara ya mwisho kwa mapenzi."

Zoubeida akatikisa kichwa kwa huzuni. Akalipapasa tangi. Akaangalia mikono ya Mdahoma, akaangalia mharuma, akaangalia lango la ua lililofungwa.

"Nimezalisha watoto mia tatu kwa pikipiki hii. Niachie mpaka keshokutwa niiage. Tena Ijumaa alasiri tuna harusi ya binti ya dada yangu, hapa uwanjani. Mtu mzima kama wewe hawezi kuwa mjini akakosa. Ukishakaa kwetu, nitakukabidhi ufunguo mwenyewe."

Mdahoma alikubali kwa moyo mkunjufu. Harusini kuna pilau, na boti ya Mouhssine ilikuwa inaondoka Jumamosi alfajiri. Mambo yalikuwa yakijipanga yenyewe, na mtu akiona hivyo ndipo anapopaswa kujiuliza nani anayeyapanga.

Ijumaa walimkalisha mstari wa mbele kabisa, kwenye zulia, mkono wa kulia wa Shekhe Chamsoudine, mzee ambaye mji haukuanza wala kumaliza kitu bila yeye. Walimpaka marashi. Walimpa sahani ya kwanza. Wanawake walikuwa juu, nyuma ya madirisha, na vifijo vyao viliteremka kila jina la mgeni lilipotajwa. Mdahoma, ambaye kwao alikuwa akila na wavulana pembeni, alihisi machozi. Kwa dakika chache hizo alielewa kwa nini watu huuza mashamba ili wakae mbele.

Kisha Shekhe Chamsoudine akasimama kutangaza zawadi za harusi. Fulani mbuzi wawili. Fulani doti tano za leso. Halafu akageuka kulia, akainua sauti.

"Ndugu zangu, watu wakubwa hutoa sadaka kwa siri. Lakini siri nyingine ni dhambi kuifunika. Mgeni wetu huyu, Mzee Mdahoma, amekuja kutoka kule kwa waliotufungia milango, na amebeba begani mwake, yeye, mtu aliyefanya anda, madumu mawili ya oili safi ya injini! Kwa ajili yetu!"

Vifijo vikashuka madirishani. Mdahoma akatafuna wali ambao haukuwemo mdomoni.

"Na si hilo tu. Zile pikipiki sita mlizodhani zimekufa, amezichukua akazitibu kwa mikono yake kimyakimya, ili kesho awarudishie wenyewe. Na mchele aliowapa, ameusamehe! Oili iliyobaki ni ya mji mzima, na anaanza na pikipiki ya mkunga."

Uwanja ukalipuka. Mdahoma akasimama, mkono juu. "Shekhe, kuna jambo dogo..."

"Kuna nyongeza?" akauliza Shekhe kwa matumaini makubwa.

Watu wakatulia. Mdahoma akatazama. Mbele yake, wenye pikipiki sita, macho yamelowa. Kushoto, vijana wenye bunduki, nao wana pikipiki zinazogonga. Angesema nini? Kwamba oili si ya sadaka? Mtu mzima haikani sadaka aliyotajiwa hadharani. Basi aseme yeye si mtu mzima? Halafu aeleze ni nani, anayetoka Moroni kwa jina la heshima isiyo yake, na amefuata nini?

"Nyongeza," akasema kwa sauti iliyotokea tumboni, "ni dua zenu tu."

"Al-Fatiha!" akanguruma Shekhe, na mikono mia mbili ikainuliwa, na Fatiha ikasomwa mpaka mwisho, na amina ikaitikiwa. Jambo lililosomewa Fatiha mbele ya mji halitenguliwi na mahakama wala na serikali, hata zile mbili zilizokuwa zikigombania kisiwa.

Baadaye Mdahoma alikuwa amechuchumaa uwanjani akimwaga oili kwa faneli, foleni ikifika msikitini. Wa kwanza alikuwa Zoubeida.

"Umenimaliza, dada," akanong'ona. "Ulijuaje?"

"Kazi yangu ni kusikiliza, kaka. Nasikiliza watoto matumboni mwa mama zao. Jumanne nilipita nyuma ya ghala, nikasikia maiti inapumua vizuri kuliko wazima. Na bandarini walikuona ukishuka na madumu mawili. Kisha nilisomea ukunga Moroni miaka mitatu. Nimewaona waliofanya anda. Hawabebi hata mwavuli, seuze dumu."

"Ungeniambia tu pembeni. Tungeelewana."

"Ungetoroka. Na mwezi huu nina wanawake wanane juu mlimani." Akainama, akatazama oili ikishuka, ya dhahabu. "Usinung'unike. Mimi nimekuzalisha tu. Ukarimu ulikuwa umo ndani, umekaa vibaya."

Akawasha. Injini ikanong'ona. Mdahoma, japo alitamani kulia, hakuweza kujizuia: aliinamisha kichwa akaisikiliza, na lazima tukiri kwamba alitabasamu.

Jumamosi alfajiri alirudi Moroni ndani ya boti ya Mouhssine, ana faneli moja na kikapu cha maandazi ya harusi. Alijifariji. Oili imekwenda, pikipiki zimekwenda, lakini mwili ni mzima, na hakuna wa Moroni aliyejua lolote. Simu si zimekatwa?

Pale ngazini kwenye bandari ya zamani walikuwa wamesimama mjomba Elamine na wazee watano wa Badjanani. Simu zilikuwa zimekatwa. Mouhssine alikuwa na redio ya boti, na mdomo.

"Kwezi," akasema mjomba Elamine.

Mdahoma akageuka nyuma kuona ni nani anayesalimiwa. Mjomba wake hakuwahi kumsalimu hivyo maishani.

"Mjomba, ule mharuma nitaurudisha leo hii. Nitoze faini. Mbuzi. Mbuzi wawili."

"Faini ya nini? Tumesikia umekaa mbele, Shekhe Chamsoudine amekuita mtu mzima, mji umeitikia, Fatiha imesomwa. Sasa wewe ni mtu mzima. Kilichobaki ni kuifanya hiyo anda yenyewe."

"Lakini mjomba, hiyo ni Fatiha ya kule! Wale wamejitenga. Ya kwao haituhusu sisi."

Wazee watano wakatazamana. Askari aliyekuwa akikagua boti akaacha kukagua.

"Rudia," akasema mjomba kwa upole. "Unasema Ndzuani si nchi moja na sisi?"

Mdahoma akamtazama askari. Akatazama ukutani, ambako serikali ilikuwa imeandika kwa rangi nyekundu kwamba visiwa ni kitu kimoja, na kwamba anayesema vinginevyo ni msaliti.

"Ni nchi moja," akasema.

"Al-hamdulillahi. Na Fatiha ni moja."

Wakamchukua katikati, wakapanda naye kuelekea Badjanani, wakijadiliana rangi ya ng'ombe. Kwenye kona ya msikiti walikutana na shangazi wa Nouria, aliyeleta ujumbe. Nouria anamsalimu bwana harusi, alisema. Nyumba iko tayari, chokaa imekauka tangu mwaka wa tatu wa uchumba. Na ametia kufuli jipya mlangoni, ufunguo ni mmoja, naye ndiye anayelala nao.