Nilivyomgeuza Benedikto Kunguru

Matombo, Jumatano, 10 Mei 1911
Nimemkosea binamu yangu Benedikto. Bora niandike.
Jana Salehe, muuza nguo wa pwani, alitusomea utenzi wa zamani. Tai anakufa, kunguru anakalia kiota chake. Kufafanua ni kazi yangu, nimesoma misheni miaka mitatu. Nikasema tai ni marehemu mjomba Petro. Kiota ni shamba lake la migomba. Kunguru ni Benedikto, mwanawe wa kumzaa, anayelima ardhi ya ukoo usio wake. Kwetu anarithi mtoto wa dada. Yaani mimi! Watu wakaguna. Kwamba ukoo ulimruhusu alime kwa sababu alimuuguza baba yake, utenzi haukusema. Na mimi sikusema.

Alhamisi, 11 Mei
Wazee wamempa Benedikto mpaka Jumapili aliache shamba. Akaja kuniuliza kama kweli utenzi unamtaja. Nikamjibu fumbo halitaji, linaonyesha. Akasema mkewe mjamzito, na pengine pa kulima hawana. Nikaangalia mlima.

Jumamosi, 13 Mei
Nimekata migomba kumi ya shamba lile, nipate pa kujenga. Wa kwanza umeniangukia begani.

Jumapili, 14 Mei
Balaa! Bibi Theresia, mkubwa wa ukoo, karudi safari. Akataka naye asomewe. Nikafafanua upya, safari hii na ishara za mikono. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akamuuliza Salehe kunguru alifika lini. Salehe akapekua: baada ya tai kufa, hata kwenye kilio hakuwepo.
Bibi akanigeukia. "Severini mjukuu wangu, wewe msibani ulifika siku gani?"
Nikasema mvua ilikuwa kubwa.
"Basi ndege tumeshamjua. Benedikto, kalime."
Walicheka mpaka Salehe akadondosha kitabu. Sasa nikipita wananililia kama kunguru. Wake kwa waume!

Jumatatu, 15 Mei
Nimeungama kwa padri. Benedikto nimemwomba radhi, akanijibu nirudishe migomba. Sawa. Ila nimewaza usiku kucha. Kunguru ana weupe shingoni, kama kola ya padri. Hiyo ni alama ya moyo safi! Bibi hajui kusoma mafumbo. Kwa hiyo Jumapili tarehe 21, misa ikiisha, nitampandia Benedikto machipukizi kumi kwa mkono wangu, mbele ya watu wote, huku nikiwaeleza hiyo shingo.