Nimefungua Gemu la Baba Mkwe

Jamani, leo nimeaibika. Tena ukweni. Tena Ijumaa, mbele ya watu waliotoka kuswali.

Bora niseme mwenyewe kabla mke wangu hajaanza kutuma sauti kwenye magrupu.

Baba mkwe wangu, Maalim Faki, ni mwalimu mstaafu, anakaa Michenzani ghorofa ya tatu. Mtu mzito. Ukitaka kupiga chafya mbele yake unajikuta unaomba ruhusa kwanza. Lakini Maalim ana ugonjwa mmoja: gemu la mpira. Shemeji yangu alipokwenda kufanya kazi Maskati alimwachia lile dude la kuchezea ili mzee apate cha kufanya. Kapata kweli. Sasa hivi anawafokea wachezaji wa kwenye tivii kama darasa la tano: "We namba saba! Nani kakutuma huko?"

Kila Ijumaa baada ya alasiri hucheza na rafiki yake, Mzee Makame, aliyekuwa fundi wa injini za meli. Na kila Ijumaa Maalim hufungwa. Hajashinda hata siku moja. Wiki iliyopita alifungwa sita, akagoma kula, mama mkwe akatupigia simu akidhani mzee ana homa.

Leo tulialikwa chakula cha mchana. Tumemaliza biriani, Maalim akawasha gemu ajinoe kidogo. Yarabi, ule mlio! Lilivuma kama boti inaondoka bandarini.

"Hili ndilo linalonipotezea umakini," akasema. "Kesho nnalipeleka kwa fundi."

Hapo mdomo wangu ukafanya kazi bila ya mimi kuutuma.

"Fundi wa nini, baba? Hilo vumbi tu. Nnalifungua mimi, nusu saa nshamaliza."

Zuhura, mke wangu, akanigeukia taratibu. Yule anajua kwamba kwetu balbu ikiungua namwita jirani. (Mimi nafanya kazi mapokezi, hoteli moja ya Kendwa. Kitu pekee ninachokijua kukifungua ni mlango wa mgeni.)

"Unaweza?" akaninong'oneza.

"Nshaangalia video."

"Ngapi?"

"Moja." (Na hiyo moja sikuimaliza. Bando lilikata.)

Lakini Maalim alikuwa keshanitazama kwa jicho la furaha ambalo sijapata kuliona tangu nimuoe binti yake. Miaka minne! "Basi fungua, mwanangu," akasema, akaenda zake chumbani kujinyoosha.

Mwanangu! Ungekuwa wewe ungerudi nyuma?

Nikalilaza gemu juu ya mkeka. Mama mkwe akanipa bisibisi ya cherehani yake. Skrubu zikatoka vizuri, kifuniko kikang'ang'ania. Nikavuta. Kikalia "ka!" (Nikakohoa haraka, ionekane ni kifua.)

Ndani mlikuwa na vumbi la kupandia muhogo, mende wawili marehemu, na kipande cha kashata. Feni yake ilikuwa na waya mwembamba, kichwa chake kimechomekwa kwenye kisoketi kidogo kama punje ya mchele. Nikauvuta ili niitoe feni. Nikapiga brashi, nikapuliza, nikapangusa mpaka kila kitu kikang'ara.

Kurudisha sasa. Nishaanza kuchanganyikiwa kipi kilitoka wapi, adhana ya alasiri nayo hiyo. Nikafunika. Nikakaza. Nikatazama mkekani: skrubu tatu zimebaki.

"Hizo za wapi?" Zuhura akauliza.

"Za ziada."

"Za ziada?"

"Viwandani huwa wanaweka."

Nikazitia mfuko wa kanzu, tukaenda msikitini. (Sitaki kusema niliomba nini kwenye dua. Mungu ananijua.)

Tuliporudi tulikuwa na Mzee Makame. Maalim akawasha gemu. Likawaka! Na kimya, jamani. Kimya kabisa, kama hakuna kitu.

"Unasikia?" Maalim akamwuliza mwenzake.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo maana yake! Kazi ya mkwe wangu hiyo."

Mzee Makame akatega sikio. "Feni yake inazunguka kweli?"

"Mzee wangu," nikamwambia, nimekaa mkao wa kitaalamu, "vitu vya siku hizi ukivisafisha vizuri havivumi."

(Hayo nnamweleza mtu aliyezeekea kwenye injini za meli.) Akanitazama, akachukua pedi yake ya kuchezea.

Mechi ikaanza. Na leo Maalim alikuwa mtu mwengine! Mapumziko, bao moja kwa moja. Dakika ya themanini, Maalim akafunga la pili. Akasimama. Nasema alisimama, yeye na magoti yake! Mama mkwe akapiga kigelegele jikoni. Mzee Makame jasho linamtoka. Ushindi wa kwanza unakuja, na mimi ndiye fundi wake.

Nikaanza kusikia harufu. Harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shuka. Nikajikaza.

Dakika ya themanini na nane, tivii ikawa nyeusi.

"Umeme umekatika," nikawahi kusema.

Sote tukainua macho. Feni ya dari inazunguka, raha mustarehe.

"Umeme upo, mume wangu," Zuhura akasema kutoka mlangoni. "Hata friji inanguruma." (Huyu ndiye niliyemtolea mahari.)

Mzee Makame akaligusa gemu, akaondosha mkono mbio. Akaomba bisibisi. Hata haikumshughulisha, kifuniko kilitoka chenyewe. Akauinua ule waya mwembamba kwa vidole viwili, unaning'inia, haujachomekwa popote.

"Na huu ulikuwa unakwenda wapi?"

Nikapiga magoti nione. Mfuko wa kanzu ukainama pamoja na mimi. Ti. Ti. Ti. Skrubu zikadondoka kwenye marumaru, ya mwisho ikabiringika polepole mpaka kwenye kidole cha mguu cha Maalim. Akaiokota. Akapandisha miwani, akaigeuza kama anasahihisha daftari.

"Na hii?"

Nikafungua mdomo. Zuhura akaniwahi.

"Ya ziada, baba. Viwandani huwa wanaweka."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini, leso mdomoni. Mzee Makame alicheka bila kutoa sauti, mabega tu. Maalim hakucheka. Ingekuwa nafuu angenifokea.

Kumbe na kisoketi nacho nilikuwa nimekivunja, kwa hiyo feni haiwezi kurudi leo. Ugomvi ukahamia kwenye mechi.

"Nlikuwa naongoza!" Maalim akasema.

"Kipenga kimelia?" Mzee Makame akauliza.

"Zilibaki dakika mbili!"

"Mimi nauliza: kipenga kimelia?"

Hakikulia. Wakakubaliana gemu lipoe, warudie mwanzo, kifuniko kikiwa wazi. Na upepo? Mama mkwe akaingia jikoni akatoka na kile kipepeo cha ukili cha kupepelea jiko la makaa. Maalim akakipokea, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama ananipa cheti.

"Pepea," akasema. "Usisinzie."

Nawaandikia nikiwa mkekani, kidole gumba cha kushoto kwenye simu, mkono wa kulia kazini. Maalim keshafungwa matatu. Kila bao likiingia hamtazami Mzee Makame, ananitazama mimi.

Nawaomba msicheke. Mkicheka nitacheka na mimi, na nikicheka mkono utasimama.